Kulinganisha Visu Vikubwa vya Kutemea Kuni: Tazama Nyuma ya Makali

Visu vikubwa vya porini huuzwa kwa urefu na unene. Maelezo yake karibu yote huanza na sentimita za bapa na milimita za mgongo, na mnunuzi naye huanzia hapo hapo: kirefu zaidi, kinene zaidi, kizito zaidi. Baada ya kuvitumia vya maumbo mengi kwenye miti mibichi na mikavu, nimeona vipimo hivyo ndivyo vinavyoeleza machache kuliko vyote. Kisu kitazama mtini au kitadunda kutegemea unene wa chuma mara tu nyuma ya makali, mahali uzito ulipokaa, na mpini. Yaliyobaki mengi ni ladha ya mtu.

Kwanza tujue tunalinganisha nini na nini. Panga la kawaida lina bapa jembamba la milimita 2 hadi 3 na urefu wa sentimita 40 hadi 50. Lilitengenezwa kwa kufyeka: majani, miwa, vijiti vibichi. Parang ya Malesia, pamoja na golok ya Indonesia na bolo ya Ufilipino, ni fupi kidogo lakini nene zaidi, na uzito wake umesogea mbele kuelekea ncha. Kukri ya Nepali imepinda katikati, na tumbo lake pana ndilo linalobeba nguvu ya pigo. Halafu kuna visu vilivyonyooka vya sentimita 20 hadi 25. Leuku ya Wasami wa kaskazini mwa Ulaya ni mojawapo, na vya kisasa vyenye mgongo wa milimita 5 au 6 pia viko kundi hili. Kila kimojawapo kina wapenzi wanaoapa kwamba kinatosha kwa kila kazi. Ukweli ni kwamba kutema, kuchanja, kufyeka na kuchonga ni kazi nne tofauti, na hakuna umbo linaloshinda zote.

Ukitaka kuvilinganisha kwa haki, usianze na makali ya kiwandani. Kimoja kitafika na makali ya nyuzi 18 kila upande, kingine nyuzi 30 na zaidi, na cha tatu hakijanolewa vizuri upande mmoja. Ukivitia mtini hivyo hivyo, unachopima ni mkono wa aliyenoa, kisu chenyewe hujakipima bado. Vyote vinolewe upya kwa pembe moja. Kwa kutema, nyuzi 20 hadi 25 kila upande ndizo zinazofaa: chini ya hapo makali hukunjika kwenye fundo la mti, juu ya hapo kisu huanza kuponda badala ya kukata.

Pembe hiyo unaweza kuipata kwa rula tu. Laza kisu juu ya kinoo, makali yakigusa jiwe, kisha uinue mgongo. Bapa likiwa na upana wa sentimita 4, kuinua katikati ya mgongo kwa sentimita 1.4 kunakupa nyuzi 20, na sentimita 1.7 kunakupa nyuzi 25. Bapa la sentimita 5 linataka 1.7 na 2.1. Paka makali wino wa kalamu nene kabla ya kuanza. Wino ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno. Ukitoka juu na kubaki chini, umelaza mno. Endelea upande mmoja mpaka kidole, kikipitishwa taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kihisi ukwaruzi mwembamba uliojikunja upande wa pili, kwa urefu wote wa bapa. Hapo ndipo unapogeuza. Watu wengi hugeuza mapema, sehemu ya karibu na ncha inabaki haijafikiwa, na baadaye wanalaumu chuma.

Wakati unanoa utakutana na kipimo ambacho maelezo ya dukani hayakutajii: unene wa chuma pale makali yanapoanzia, kwenye bega ambapo bapa linageuka kuwa makali. Chukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia unene, upime. Kwa kisu cha kutemea, milimita 0.7 hadi 1 ni pazuri. Kikizidi milimita 1.5, kisu kitadunda kwenye mti mkavu hata kama kinanyoa nywele za mkono, kwa sababu chuma kinachofuata makali kinakataa kuingia kwenye mfereji ambao makali yameufungua. Hii ndiyo sababu kisu chenye mgongo wa milimita 8 kinaweza kushinda chenye milimita 5: cha kwanza kimechongwa kikashuka taratibu mpaka kwenye makali, cha pili kimeachwa na ubapa mnene kisha kikatiwa makali mafupi mwishoni. Ukitazama kutoka nchani utaiona tofauti hiyo kwa macho. Mimi ningekataa kisu cha pili hata kama ni zawadi, isipokuwa nina siku nzima ya kukaa na tupa.

Mpako mweusi unaofunika bapa nao una lake. Ule wenye chembechembe hukwama kwenye mti mbichi, na kisu kinachotoka kwa shida hukuchosha zaidi ya kinachoingia kwa shida. Utachubuka wenyewe kwenye sehemu inayofanya kazi baada ya magogo kadhaa. Hauna haja ya kuondolewa kwa makusudi, ila usikitoze kisu lawama za mpako wake mpya.

Sasa mtini. Tafuta gogo moja lililonyooka, lenye unene wa sentimita 8 hivi, lisilo na mafundo, na visu vyote vikate gogo hilo hilo. Lilaze juu ya gogo jingine nene ili pigo lisimezwe na udongo, na ili kisu kikipita kisikutane na mawe. Pigo la nyuzi 90, moja kwa moja kukatisha nyuzi za mti, ni kupoteza nguvu: nyuzi zinabonyea na kurudi. Piga kwa mshazari wa nyuzi 45, mara kutoka kulia, mara kutoka kushoto, mpaka kibanzi kiruke na kuacha mfereji wa V. Ukikata gogo kutoka pande mbili ili kukutana katikati, mdomo wa kila V uwe na upana sawa na unene wa gogo. Ukianza na mdomo mwembamba, mfereji utajifunga kabla hujafika katikati, na hapo ndipo watu huongeza nguvu na kuanza kukosea shabaha.

Hesabu mapigo, lakini usisahau uchovu. Kisu kitakachojaribiwa mwisho kitaonekana kibaya kwa sababu mkono umeisha. Dawa yake ni kwenda na kurudi: kisu cha kwanza, cha pili, tena cha pili, kisha cha kwanza, halafu ujumlishe. Pumzika kati yao. Rudia zoezi zima kwenye mti mkavu, kwa maana majibu hubadilika sana.

Kwenye tawi bichi la unene wa sentimita 3 hadi 5, panga jembamba linawaaibisha wakubwa wote. Ni jepesi, linakwenda kasi, na nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa kasi wakati uzito huiongeza kwa kadiri yake tu. Likifika kwenye gogo kavu mambo yanageuka. Linazama, halafu linabanwa, kwa kuwa halina unene wa kusukuma kibanzi nje. Bapa linatikisika na mtikisiko wote unaishia kwenye kiwiko. Kosa la kawaida hapa ni kulichomoa kwa kulipinda kando. Makali membamba yaliyobanwa na mti mkavu yakipindwa hivyo huacha pengo la nusu mwezi ambalo utalinoa jioni nzima. Lichomoe kwa kuinua na kushusha mpini katika mstari ule ule wa makali.

Parang yenye makali ya tumbo, yaani yanayoteremka kwa mviringo mdogo badala ya kuvunjika kwa bega kali, ndiyo niliyoona ikikata kwa usawa kuliko nyingine kwenye mti mbichi na mkavu. Mviringo ule huzuia kubanwa: chuma kinagusa mti sehemu ndogo tu. Pointi yake ya mizani huwa sentimita 5 au zaidi mbele ya mpini, na unaweza kuipata kwa kuilaza juu ya kidole. Ikiwa mizani iko kidoleni karibu kabisa na mpini, hicho ni kisu cha kuchonga kilichovaa nguo za kutemea.

Kukri inakata kwa nguvu inayoshangaza kwa urefu wake. Mpindo unayaleta makali mtini kwa mshazari, hivyo yanakata kwa kuburuta pamoja na kupiga, na uzito mzima uko kwenye tumbo. Mafundi wa Nepali huimiminia maji kutoka kwenye birika sehemu ya makali tu ikiwa bado nyekundu kwa moto, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki laini usiovunjika. Gharama yake unailipa kwenye kifundo cha mkono. Kisu cha gramu 700 chenye uzito mbele kinapendeza kwa dakika kumi za kwanza. Ukikifanyia kazi saa nzima, utaelewa kwa nini zile za gramu 450 hadi 550 ndizo zinazodumu mkononi. Ala yake pia ina hatari ambayo mgeni haitarajii: unapochomoa kisu, makali yaliyopinda hukandamiza mshono wa ala, na mara nyingine huupasua. Shika ala upande wa mgongo, vidole visizunguke kamwe upande wa makali.

Kisu kilichonyooka cha sentimita 25 ndicho kinachoshindwa mapema kwenye kutema, kwa sababu uzito wake mwingi uko nyuma. Lakini kwenye kuchanja ndicho bingwa. Kisimamishe juu ya kipande cha mti kilichosimama wima, ugonge mgongo kwa rungu la mti la urefu wa sentimita 40 hivi na unene wa sentimita 4 au 5. Unene wa kipande uwe pungufu ya urefu wa bapa kwa sentimita 7 au 8, ili ncha itokeze upande wa pili na uwe na pa kugonga baada ya mgongo kuzama. Mpini usawazike na bapa, mkono ukiukandamiza kidogo tu. Ukiona fundo, hamisha kisu au chagua kipande kingine. Fundo halipasuki, linapindisha bapa. Ukianza na kubandua pembezoni badala ya katikati, kipande kigumu kitakubali kwa upole zaidi. Usitumie nyundo ya chuma kwa hali yoyote.

Kuchanja kwa namna hii ndiko kunakofichua siri ya mpini. Ndani ya kila mpini kuna ulimi wa chuma unaoendelea kutoka kwenye bapa. Kwenye visu vingine ulimi huo una upana sawa na mpini wenyewe na umekazwa kwa ribiti. Kwenye vingine unaingia kama msumari mnene na kugandishwa kwa gundi, na mara nyingi kazi huwa nzuri pia mradi ulimi ni mpana na umefika mbali. Wa kuogopwa ni ulimi mwembamba uliochomelewa, au ulioachiwa kona kali za mraba pale unapoungana na bapa. Msukosuko wote hukusanyika kwenye kona hizo, na ufa huanzia hapo. Kona ya mviringo huusambaza. Bila kubomoa mpini huwezi kuuona vizuri, lakini visu vingi huacha sehemu ndogo wazi kati ya mpini na bapa: tazama hapo kwa mwanga mkali.

Kuhusu chuma, maneno ni mengi kuliko faida. Kwa feleji za kaboni zinazoandikwa kwa tarakimu nne, kama 1055, 1075, 1095 au 5160, tarakimu mbili za mwisho zinakuambia kaboni kwa sehemu ya mia ya asilimia: 1095 ina takriban asilimia 0.95, 5160 takriban 0.60. Kaboni ikiongezeka, makali hukaa zaidi, lakini chuma huwa chepesi kumeguka. Kwa kisu cha kupigapiga, 1055 au 5160 inasamehe zaidi kuliko 1095. Ugumu wa 54 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell C unatosha. Chuma cha 60 na kuendelea ni kizuri kwa kisu kidogo, ila kwenye fundo kavu kinamegeka vipande vidogo badala ya kukunjika. Makali yaliyokunjika unayanyoosha kwa dakika chache, lakini yaliyomegeka yanakula chuma ili yarudi. Feleji isiyoshika kutu hupendwa kwenye unyevu, lakini zile za bei nafuu kwenye bapa refu huwa ama laini mno au kavu mno, na mimi huvumilia kutu kidogo kuliko kubahatisha.

Mpini ndio utakaokuondoa kazini kabla ya makali. Malengelenge hutokea mahali pawili: kwenye ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, na chini ya kidole kidogo pale mpini unapoishia. Pa kwanza husababishwa na kona za mgongo wa mpini, pa pili na mwisho mwembamba usio na uvimbe wa kukizuia kisu kisiteleze mbele. Mpini mzuri ni wa umbo la yai, ili mkono ujue gizani makali yametazama wapi, na mwisho wake umevimba au kupinda. Mipira yenye michirizi mikali hushika vizuri dukani, ikakipasua kiganja cha mkono mchana. Mpini wa mti au wa mikata (kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ngumu) unaweza kuurekebisha: msasa namba 120 kwa kona, 220 kwa kulainisha, kisha mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa mti. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Vinapokauka vinatoa joto vyenyewe na vinaweza kushika moto bila kuguswa na cheche. Vitandaze nje vikauke au viloweke majini.

Shika kwa vidole vitatu vya mwisho vikibana wakati wa pigo tu, vilegezwe kabla na baada. Anayekaza muda wote ndiye anayechoka mapema, na mkono uliochoka ndio unaoachia. Kamba ya kifundo cha mkono inasaidia juu ya maji au ukiwa umevaa glovu, lakini kisu kikiponyoka kamba hukirudisha kuelekea kwako, kwa hiyo ipitishe nyuma ya kidole gumba na uizungushe kwenye ubapa wa mkono, usiifunge kifundoni moja kwa moja.

Miguu iwe mbali, na gogo liwe kati yako na pigo: unapotema upande wa kulia wa gogo, mguu wako wa kushoto na wa kulia vyote viwe upande mwingine. Kwa kazi ya chini piga magoti, kwa sababu kisu kikikosa kikazama ardhini mbele ya magoti ni afadhali kuliko kikazunguka na kufika kwenye muundi. Usikate kitu kilicholala juu ya mapaja: ndani ya paja umepita mshipa mkubwa wa damu, na jeraha la hapo halingoji msaada wa mbali. Wenzako wakae umbali wa mita 3 angalau, hasa wale walio mbele yako.

Gogo likizidi sentimita 10, weka kisu chini. Shoka dogo lenye kichwa cha gramu 500 au 600 litakata kwa mapigo machache kuliko kisu chochote nilichotaja hapa, na msumeno wa kukunja utalikata kwa jasho pungufu ya vyote viwili. Kisu kikubwa kinastahili kubebwa kwa kuwa kinafanya kazi nyingi kwa wastani kwenye matawi, vijiti vya kibanda na kuni za mkono.

Pengo likitokea, usikimbilie mashine ya kusaga. Makali membamba hupata moto kwa sekunde chache, na rangi ya buluu ikionekana ujue chuma kimefika takriban nyuzi joto 300 na ugumu wa sehemu hiyo umekwenda. Tumia tupa laini kwa nyuzi 25 mpaka pengo liishe, ukiisukuma tupa kwa mwelekeo mmoja tu, kisha kinoo cha chembe namba 400 na cha namba 1000. Huna haja ya kung'arisha zaidi. Makali yenye ukwaruzi kidogo hushika mti vizuri.

Utomvu ufute kwa mafuta ya taa au spiriti, kausha, paka mafuta mepesi. Ala ya ngozi hushika unyevu, basi kisu kisilale humo kwa wiki. Na kila baada ya kazi nzito, tazama tena ile sehemu ndogo kati ya mpini na bapa. Ufa mwembamba wa unywele ukionekana hapo, kisu hicho hakirudi kazini hata kwa kufyeka: kinapokatika huwa kiko kwenye kasi yake kubwa, na bapa huruka mbele, upande ule ule ambao mwenzako huenda amesimama.